Hesabu ya Tairi la Mtumba

Katika barabara ya Kitale kwenda Webuye, hapo Kiminini, mvua inapoilowesha lami, hupita magari yaliyojaa watoto wa shule juu ya matairi ya mtumba. Ukiuliza sababu, utajibiwa: umaskini. Jibu hilo nalikubali nusu.

Hebu mwalimu wa hesabu ashike chaki. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Huko Ulaya tairi lililopungua chini ya milimita 1.6 haliruhusiwi barabarani. Basi anunuaye jipya amenunua milimita 6.4 za safari. Anunuaye kuukuu lililobakisha milimita 3 amepata 1.4 tu. Hata akiuziwa kwa robo ya bei ya jipya, amepunjwa.

Isitoshe, mpira huzeeka hata pasipo safari. Jua na hewa huukausha hadi ukafanya nyufa. (Tairi la namna hiyo lafaa akala, na akala si haba.) Wanafunzi na wajifunze kusoma ubavu wa tairi: tangu mwaka 2000, tarakimu nne zinazohitimisha namba ya DOT hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Kinachomshinda dereva ni kutoa fedha zote kwa mkupuo. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilisitisha kazi hiyo mwaka 2016, na mengi ya mapya hutoka ng'ambo. Je, vyama vyetu vya akiba na mikopo, vikopeshavyo karo na mbolea, vitashindwa kukopesha matairi mawili?