Maneno mazuri, sauti je?

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi mdogo wangu wa kike alifanya sendofu yake hapa Dar es Salaam. Mimi kama dada mkubwa nikapewa kazi moja tu: kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nikajiona nimefika. Si nina digrii ya mawasiliano? Si kuandika ndiyo kazi yangu? Nikakesha siku mbili, nikajaza kurasa tatu za maneno matamu. Katikati yake niliweka shukrani kwa baba yetu mdogo, ambaye baada ya baba kufariki ndiye aliyetulipia ada hadi wote wawili tukamaliza shule.

Basi MC akanipa maiki. Loo! Magoti yakaanza kucheza, mdomo ukakauka. Nikaikodolea macho karatasi na kusoma mbio mbio kama mtu anayekimbilia daladala ya mwisho. Nilipofika kwenye shukrani za Baba Mdogo, wahudumu walikuwa wanapitisha soda na sauti yangu ilikuwa imeshabaki kooni. Nikamaliza, watu wakapiga makofi, nikakaa nikihema.

Wakati tunaondoka ukumbini, Baba Mdogo akanishika mkono. "Mwanangu, umeongea vizuri. Ila mbona hamkunitaja?"

Jamani! Nilimtaja. Kwa jina, tena mara mbili. Hakusikia.

Zile asilimia za semina

Kama umewahi kuhudhuria semina ya ofisini, bila shaka umeambiwa kwamba kwenye mawasiliano maneno ni asilimia 7 tu, sauti ni 38, na uso pamoja na mwili ni 55. Namba hizo zinatokana na tafiti za mwanasaikolojia wa Marekani, Albert Mehrabian, zilizochapishwa mwaka 1967. Tatizo ni kwamba zinatumiwa vibaya ile mbaya. Yeye alikuwa anachunguza hisia: mtu akikwambia neno la upendo kwa sauti ya chuki, utaamini lipi? Hapo ndipo sauti na uso vilipoyashinda maneno. Hakusema maneno hayana kazi. Mwelekeze mgeni njia ya Kariakoo kwa sauti tamu bila kumtajia mtaa hata mmoja, uone kama hatapotea!

Kwa hiyo tusidanganyane. Kama huna la kusema, sauti haitakuokoa. Lakini kama unalo, na hasa likiwa ni jambo la moyoni, sauti ndiyo inayomfanya mwenzio aamini kwamba unalimaanisha.

Wao walizaliwa nayo?

Utaniambia wengine wana kipaji. Sawa, lakini tafuta ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Usisikilize maneno peke yake, sikiliza mwendo wake. Sababu, uwezo, nia: vitu vitatu, kila kimoja kimepewa nafasi yake. Anakupa muda wa kumeza neno moja kabla hajakuletea lingine.

Na Mfalme George VI wa Uingereza je? Huyo alikuwa na kigugumizi. Kuanzia mwaka 1926 alifundishwa na Lionel Logue, mtu wa Australia, na sehemu kubwa ya somo ilikuwa mazoezi ya kupumua. Tarehe 3 Septemba 1939, vita ilipoanza, alizungumza na watu wake redioni, polepole, akinyamaza mara kwa mara. Kigugumizi hakikumwachia kabisa. Lakini ule ukimya wake kati ya maneno ulisikika kama uzito wa habari yenyewe.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, pumua. Sauti ni hewa ya mapafu inayotikisa nyuzi za sauti kooni. Ukiogopa unapumua juu juu, hewa inaisha haraka, sauti inapanda na kukatika. Kabla ya kushika maiki vuta pumzi taratibu hadi tumbo lijae, kisha iachie polepole. Rudia mara tatu.

Pili, jirekodi kwa simu. Utaichukia sauti yako, na hilo ni jambo la kawaida. Siku zote huwa unaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chako, ndiyo maana ya kwenye simu inakuwa kama ya mtu mwingine. Wenzako wanaifahamu hiyo hiyo. Izoee.

Tatu, chagua sentensi moja ambayo ni lazima isikike. Ukiifikia, acha karatasi, mtazame mhusika, nyamaza kidogo, halafu iseme.

Tukirudi nyumbani

Hizi habari si za ukumbini tu. "Samahani" inayosemwa macho yakiwa kwenye simu, mwenzio anaisikia kama "niache". Na lile "sina neno" linalotoka kwa sauti ya kufunga mlango, nani ataliamini? Utafiti wa Mehrabian unahusu sebule na chumba chako kuliko hata jukwaa. Usiku wa leo ukitaka kumwambia mwenzio jambo la maana, punguza redio, punguza mwendo.

Mimi wiki mbili baada ya sendofu nilipanda basi hadi Muheza. Nikamkuta Baba Mdogo barazani. Sikuwa na karatasi. Nikamweleza polepole, mambo machache tu: ile ada ya kidato cha nne, na ule msimu aliouza machungwa yote ili nisirudishwe shule. Sauti ilinitetemeka, ila sikukimbia.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akavua kofia, akaiweka gotini. "Nimesikia, mwanangu," akasema.

Na wewe je, msomaji, nani anasubiri kukusikia? Usingoje mpaka upewe maiki. Tukutane mwezi ujao.