Kifuatanyota: mwongozo ulinielekeza kaskazini, kumbe ncha yetu iko kusini

JANUARI iliyopita nilikuwa Kwale, uani kwa shangazi yangu, nikijitia kuijua kazi ya kupiga picha nyota. Kwa miaka mingi shangazi alitazama Kilimia ili ajue msimu wa kulima umekaribia. Jina lenyewe, kama msomaji anavyojua, limetokana na kulima. Siku hizi macho yake yameingia ukungu na hakioni tena kile kikundi cha nyota. Nilikuwa nimemwahidi kumtolea picha kubwa. Baada ya saa nzima ya kuhangaika nikamsogezea kioo cha kamera. Akakitazama kwa karibu, kisha akauliza, “Mwanangu, hizi nyota ama tambi?”

Zilikuwa tambi kweli.

Kifaa nilichotumia ni kidogo, kinaingia mkobani, na hukaa kati ya kamera na kiweko cha miguu mitatu. Mimi hukiita kifuatanyota, kwa kielelezo cha kipazasauti na kipimajoto: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino. Ni jina zuri, ila ndilo lililonipoteza. Nyota hazitembei hata ukizifuata. Ni sisi tunaozunguka. Dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani takriban digrii 15 kila saa. Kamera iliyosimama tuli huvuta nyota zikawa mistari upesi sana. Kuna kanuni ya mkono ya wapiga picha: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, utapata sekunde unazoruhusiwa. Lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Yangu ya 135 haikunipa hata 4.

Kifuatanyota huizungusha kamera kinyume cha mzunguko wa dunia, kwa kasi ileile. Kwa hivyo, jambo la kwanza si kujua Kilimia kiko wapi. Ni kuulaza mhimili wa kifaa uwe sambamba na mhimili wa dunia. Hapo ndipo mwongozo uliokuja na kifaa uliponiangusha. Ulisema nichungulie kwenye kidarubini chake nitafute Nyota ya Kaskazini. Jamani, Kwale iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta! Nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Ningechungulia hadi alfajiri. Nami nilielekeza mhimili kusini kwa kubahatisha, nikaiacha swichi kwenye herufi N. Mota ikazunguka upande usiofaa, na badala ya kufuta mwendo wa anga ikauongeza maradufu.

Kwetu hesabu ni rahisi kuliko wanavyodhani walioandika mwongozo. Mwinamo wa mhimili ni sawa na latitudo yako. Nanyuki ni sifuri, kifaa kinalala kabisa. Nairobi ni digrii moja na kitu, kuelekea kusini. Aliye Lodwar huelekeza kaskazini, digrii 3 hivi. Swichi ifuate ncha unayoielekea: N kaskazini, S kusini. Ukiwa na nia ya kununua, uliza kwanza iwapo kishikilio chake kinashuka hadi sifuri. Baadhi havishuki kwa kuwa viliundiwa watu wanaoishi mbali na ikweta. Ukishakwama na kimojawapo, inamisha kiweko kwa kufupisha mguu mmoja, ila uangalie kisipinduke na kamera.

Kusini nako hakuna nyota angavu ya kuonyesha ncha. Nilitumia dira ya simu, mbali na gari na vyuma, na programu ya simu inayopima mwinamo. Si usahihi wa maabara, lakini unatosha. Mhimili ukikosea kwa digrii moja, nyota husogea kwa takriban robo ya digrii kwa saa badala ya 15. Kwa lenzi fupi na picha za dakika moja, kosa hilo halionekani sana. Anayeanza na lenzi ndefu anajitafutia maudhi.

Usiku wa pili nilichimbia miguu ya kiweko mchangani kwa sababu ya upepo wa kaskazi. Nikapanga digrii 4 kusini, swichi S, ndipo nikageuza kamera kuelekea Kilimia kilichokuwa juu upande wa kaskazini. Kugeuza kamera huku hutikisa kila kitu, basi nikapima mwinamo upya. Hatua hii wengi huiruka. Nikajaribu sekunde 30, nikaikuza picha: vidoto. Nikapiga 40 za dakika mojamoja, baadaye nikaziunganisha kwa Siril, programu ya bure. Ukaonekana hata ule ukungu wa buluu unaozizunguka nyota hizo, mavumbi yanayoakisi mwanga wao, umbali wa miaka nuru takriban 440.

Nilimpelekea shangazi picha ya ukubwa wa kalenda. Aliishika karibu na dirisha, akahesabu kwa kidole hadi sita, zile alizozizoea. Kisha akaendelea kuhesabu.