Bwana Hyslop na Muziki wa Kenya

Vijana wa Bungoma na Kitale wanaodhani kuwa kinanda cha kanisani ndicho muziki, na litungu ni ushamba, na wamtazame Bwana Graham Hyslop. Mwingereza huyu alikuwa Afisa wa Muziki na Michezo ya Kuigiza wa Kenya katika miaka ya 1950. Mwaka 1957 ulitoka mchezo wake wa Kiswahili, Afadhali Mchawi. Mwaka 1958 na 1959 aliandika makala juu ya ala za Kenya na wapigaji wake.

Mwaka 1963 aliketi na Mabwana Senoga-Zake, Kalume, Kibukosya na Omondi kutunga wimbo wa taifa. Sauti hawakuitafuta Ulaya, bali katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Basi litungu likiozea darini, wajukuu watachota wapi?