Kamera usiku, asidi asubuhi

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. "Fundi, nimefunga kamera ya kulinda gari usiku. Asubuhi betri imelala. Niongeze asidi kiasi gani?" Muulizaji hataki kujua kama aongeze. Hilo ameshalimaliza na jirani, na mwenye bodaboda aliyekuwa akipita, na muuza spea aliyemkabidhi chupa. Kwangu anatafuta kipimo tu. Tarime mjini naulizwa hivyo, Nyamongo naulizwa na wanaoacha pikapu nje ya mgodi zamu nzima, Mugumu naulizwa na madereva wa watalii. Kipimo ni sifuri. Nimechoka kulirudia jibu hilo nikiwa nimeinama kwenye boneti, kwa hiyo leo wote tusikie pamoja.

Kamera kwanza, maana hesabu yake ni fupi. Kamera ya lenzi mbili, ya mbele na ya nyuma, ikirekodi mfululizo gari likiwa limezimwa hula karibu ampia 0.35. Jumlisha alamu, kifaa cha kufuatilia gari kwa setelaiti na saa ya deshibodi, unafika 0.4. Tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni karibu ampia-saa 5. Betri ndogo ya NS40, inayokaa kwenye magari madogo mengi ya Kijapani, ikiwa mpya ina ampia-saa 35 hivi. Usiku mmoja hauiui. Lakini liache gari Ijumaa jioni, panda basi uende msibani Shirati, urudi Jumatatu alfajiri. Saa 60 mara 0.4 ni ampia-saa 24. Betri mpya utaikuta na theluthi ya chaji. Betri ya miaka mitatu iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake iliisha tangu Jumapili mchana, wewe ukiwa bado msibani.

Hata ule usiku mmoja una deni lake. Anayetoka nyumbani hadi sokoni kwa dakika kumi, akazima, akarudi kwa dakika kumi, halipi kilicholiwa usiku. Altaneta ina nguvu ya kutosha, ila sehemu ya mwisho ya chaji huingia kwenye betri taratibu, kwa saa kadhaa, hata ukipiga resi namna gani. Betri ikibaki na nusu ya chaji wiki hadi wiki, pleti zake zinaota salfeti ngumu ambayo chaja haiwezi tena kuiyeyusha. Hapo ndipo betri inapofia.

Sasa hiyo asidi.

Betri iliyojaa ina mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki ambao haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, huusoma karibu 1.27. Betri inapotoa umeme, salfeti ya kwenye asidi huingia katika pleti za risasi na kushikamana nazo, na kinachobaki nje ni maji zaidi na asidi kidogo. Betri iliyolala itasoma 1.15 au chini ya hapo. Hapo mganga wa betri huinua haidromita yake juu, mwenye gari aone, na kutangaza: "Unaona, mura? Asidi imekwisha!" Haijaisha. Haikumwagika wala haikuvukia hewani. Imo mle mle ndani ya pleti, na kitu pekee kinachoitoa ni umeme wa chaja. Kinachopungua kwenye betri isiyovuja ni maji, na maji hurudishwa kwa maji safi ya betri, yale yasiyo na chumvi wala asidi. Hata ya bombani au ya mvua hayafai.

"Mbona nikiongeza gari linawaka?" Hili ndilo linaloiweka mjini dawa hii, kwa hiyo tulikalie kidogo. Volti ya kila seli iliyotulia ni takriban usomaji wa haidromita kujumlisha 0.84. Ukisoma 1.15, seli ina volti 1.99, na seli sita zina 11.94. Mimina asidi kali mpaka haidromita isome 1.25. Seli sasa ina 2.09, na betri nzima 12.54. Mita imepanda, fundi amesifiwa, na hakuna hata chembe ya umeme iliyoingia kwenye betri. Ni sawa na kuusukuma mshale wa mafuta kwa kidole mpaka uguse alama ya kujaa, tangi likiwa kavu. Yale mabaki ya chaji yaliyokuwamo hupata msukumo kidogo, stata inazunguka, watu wanashangilia. Na mara nyingi hata si hivyo: gari limebustiwa kwa waya kutoka gari jingine, likazunguka mjini, altaneta ikachaji, halafu sifa zote zikaenda kwenye chupa.

Sasa fuata kinachotokea baadaye. Gari likitembea, altaneta inaitoa kwenye pleti ile asidi uliyoambiwa imekwisha. Inakutana na uliyoimimina. Haidromita iliyotakiwa kuishia 1.27 inaelekea 1.35. Ukali huo unakula fremu za risasi zinazoshika pleti na unachoma vitenganishi vilivyo katikati. Fungua betri kama hiyo baada ya miezi michache na unyonye maji kwa haidromita: yanapanda yakiwa ya kahawia, na ukiinua chombo juani unaona chembe zikielea. Huo ni unga wa pleti chanya. Umebomoka, unazama chini ya seli, na siku rundo lake likigusa pleti zote mbili, seli inajifunga yenyewe. Kuanzia siku hiyo betri haivuki volti 10.5 na kitu, chaji upendavyo. Kisha mwenye gari analaumu betri za siku hizi.

Nimeona hadi betri zilizozibwa kiwandani zikitobolewa juu kwa bisibisi iliyopashwa moto ili "dawa" ipate njia. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Bisibisi ya moto! Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka papo hapo, endelea kwa muda mrefu, halafu hospitali. Usianze kutafuta maziwa.

Mwenye kamera ana hasara ya ziada ambayo mganga hamwambii. Kamera nzuri ina kikata umeme kinachosoma volti: ukiipangia 12.2, ikifika hapo inajizima, kwa sababu kwenye betri ya kawaida iliyotulia 12.2 maana yake ni karibu nusu ya chaji. 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu hivi, 11.8 ni tupu kwa vitendo. Sasa wewe umemwaga asidi na kupandisha vipimo vyote kwa nusu volti. Betri ikiwa tupu kabisa bado inasoma 12.3. Kamera inaangalia, inaona mambo shwari, inaendelea kurekodi. Kinga pekee uliyoinunua umeipofusha mwenyewe, na kesho utaongeza asidi tena.

Asidi ina nafasi yake, na ni finyu. Betri mpya kavu hujazwa asidi mara ya kwanza dukani, ikiwa imeshachanganywa kwa kiwango cha mtengenezaji. Betri iliyopinduka na gari ikamwaga hurudishiwa, nayo ni baada ya kuchajiwa na kupimwa. Kwingine kote, hapana.

Wanaokubali haraka kuhusu asidi hukimbilia swali la pili: basi nifunge betri kubwa? Funga, kama inakaa kwenye kitako na vichwa vyake havigusi boneti. Itakuongezea siku. Deni la kila usiku ni lilelile na lazima lilipwe kwa kuendesha, kwa hiyo mwenye safari za dakika kumi atafika palepale akiwa amelipia betri ya bei zaidi.

Nikiitwa kutazama kamera "inayokula betri", nazifuata kwanza nyaya, na mara nyingi sihitaji kwenda mbali. Seti ya kufunga kamera ya usiku ina nyaya tatu. Kwa seti nyingi wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa umeme unaokuja ukizungusha ufunguo hadi ACC, mweusi ni wa bodi. Mwekundu ndio unaoiambia kamera kwamba gari limezimwa, ibadilike iwe mlinzi. Nafungua boksi la fyuzi na kuukuta wa njano umesokotwa pamoja na mwekundu, umezungushiwa nailoni, umechomekwa kwenye fyuzi moja ya kudumu. Kamera hiyo haijawahi kujua kwamba gari limezimwa. Inarekodi usiku kucha kana kwamba iko njiani kwenda Sirari, na kwa kamera nyingi kikata umeme hakifanyi kazi katika hali hiyo. Wengine huchomeka kwenye kiwashia sigara. Kwenye Toyota nyingi hicho huzimika pamoja na ufunguo, kwa hiyo kamera inalala, kioo cha pembeni kinaibwa, na mwenye gari anakuja kunidai video.

Serengeti kuna namna nyingine ya kuharibu. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatanishwa. Kamera, au redio, inataka 12, fundi anachomoa umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo inashuka kila siku huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa, moja kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa. Tumia kamera inayokubali volti 12 hadi 24, au kipunguza volti kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili.

Na madereva wa watalii mniambie: pale Seronera usiku, kamera inalinda nini? Gari limeshinda mchana limezimwa mbele ya simba, redio inaongea, friji inapoza maji, wageni wanachaji simu na kamera zao. Limefika kambini betri ikiwa tayari imechoka. Hifadhini magari ya watalii kwa kawaida hayatembei usiku. Ukifungua kadi asubuhi utakuta fisi, nyasi zinazopigwa na upepo na wadudu waliovutwa na taa. Wageni wanataka kuondoka saa 12 alfajiri, na gari haliwaki. Izimeni.

Kwa wanaoihitaji kweli, haya hapa, na haraka maana nafasi inaisha. Kabla ya kufunga chochote pima gari linakula nini: ampia-mita kati ya kichwa hasi na waya wake, milango imefungwa, subiri nusu saa, usiwashe gari wala kufungua mlango kipimo kikiwa kimeunganishwa. Zaidi ya ampia 0.05 bila kamera, tatizo lako si kamera. Njano kwenye fyuzi ya kudumu, mwekundu kwenye fyuzi inayozimika kweli (pima, usikisie), fyuzi za mifuko ya hewa usiguse, na waya wa kwenye nguzo ya kioo upite nyuma ya mfuko wa hewa, usipite mbele yake. Kila waya wa umeme uwe na fyuzi yake ndogo. Kikata umeme kiwe 12.4 kwa betri ya zamani au safari fupi, 12.2 kwa betri nzima na safari ndefu, 12.0 na 11.8 zimo kwenye orodha, ziache zikae humo. Kwa volti 24, zidisha mara mbili. Kama kuna kipima muda, saa 4 hadi 6 zinatosha kwa wengi. Chagua hali ya kuamka kwa mshtuko au picha za vipindi badala ya kurekodi mfululizo. Ulaji unashuka sana. Mwenye gari linalokaa siku nyingi anunue betri ya pembeni ya lithiamu-chuma-fosfeti kwa ajili ya kamera tu, inayojazwa wakati gari linatembea, au gari la safari lifungwe betri ya pili yenye kitenganishi ili ile ya stata isiguswe. Paneli ndogo ya jua kwenye kioo itasaidia kidogo. Wati 5 hazilishi kamera ya wati 4 inayofanya kazi saa 24, maana usiku hakuna jua. Nunua kamera yenye kapasita badala ya betri ya ndani, joto la gari lililofungwa mchana Mugumu huvimbisha betri hizo. Kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Ukigongwa au ukiibiwa, itoe kadi siku hiyohiyo, kwa sababu kamera itafuta ya zamani ili kuandika mpya. Na mwenye uzio, geti na mlinzi aliye macho, azime kamera alale.

Ukifanya yote hayo na bado gari haliwaki, chaji betri kwa chaja usiku kucha, iache itulie saa chache, kisha ipimwe kwa mzigo, na seli zote sita kwa haidromita. Tofauti ya 0.05 kati ya seli moja na nyingine inatosha kuihukumu. Ukiniletea mimi, ilete kabla hujampitia muuza spea.