Kipaji Kinapokwama kwenye Kalamu

Mwalimu wa jiografia akiuliza kwa nini mashamba ya milimani yanaharibika, kijana wa kidato cha pili anasimama na kueleza mmomonyoko wa udongo mpaka wenzake wanageuka kumsikiliza. Fungua daftari lake: "Udongo unaisha. Mvua inabeba." Basi. Neno mmomonyoko limemshinda kuandika, akachukua jepesi. Msahihishaji anaona uvivu.

Wanafunzi wenye kipaji na ulemavu wa kujifunza kwa pamoja huchelewa kugunduliwa. Kipaji huziba pengo, pengo hufifisha kipaji, alama zinaangukia katikati, na mwanafunzi wa katikati hapelekwi kwa mtaalamu. Hata kipimo cha akili huweza kupotosha. WISC-V, kinachotumika kwa umri wa miaka 6 hadi 16, kina zoezi la kunakili alama kwa penseli kwa dakika 2. Mkono mzito hushusha alama za zoezi hilo, nazo hushusha alama ya jumla. Ndiyo maana jumla naitazama mwisho; kwanza nataka kujua uwezo wa kufikiri umeachana kiasi gani na kasi ya mkono.

Kisha namtaka mwanafunzi aeleze mada moja kwa mdomo nikimrekodi, na nyingine za uzito uleule aziandike kwa kalamu na kwa kompyuta. Hapo pengo huonekana waziwazi. DASH, kipimo cha Uingereza cha kasi ya mwandiko, kina insha ya dakika 10 inayowekewa alama kila baada ya dakika 2, hivyo unaona mkono unachoka wapi. Ila viwango vyake ni vya Kiingereza na huhesabu maneno kwa dakika. Neno moja la Kiswahili kama "hawajatuandikia" ni sentensi nzima kwao! Kwa watoto wetu, afadhali kuhesabu herufi na kulinganisha na wanafunzi wa darasa hilohilo.

Wakati anaandika, mimi naangalia mkono kuliko karatasi. Je, anakandamiza hadi kalamu inaacha alama ukurasa wa pili? Anakung'uta vidole? Anasita katikati ya herufi, au kabla ya neno gumu? Kusita ndani ya herufi huashiria mkono. Kusita kabla ya neno huashiria tahajia. Namna ya kushika kalamu, ambayo walimu wengi huihangaikia, mara nyingi haina neno kama hakuna maumivu.

Macho nayo yapimwe kabla ya yote, na umakini usisahaulike.

Kumpa kijana wa miaka 15 daftari la kufuatisha herufi ni kumdhalilisha bure. Kama kwa mdomo au kompyuta hoja zinatoka zikiwa kamili, anahitaji njia hiyo pamoja na muda wa ziada. Ripoti iandaliwe akiwa bado kidato cha pili, shule ipate muda wa kuomba utaratibu maalumu kabla ya mtihani wa taifa, naye azoee kuutumia kwenye mitihani ya kawaida ya muhula.