Tofaa la Duka na Mapera ya Kwetu

Pengine mtu akilazwa hospitalini, jamaa zake huuza kapu la mapera sokoni ili wamnunulie matofaa mawili, ndiyo yale tunayoita mapome. Wanafanya hivi kwa upendo. Lakini je, mgonjwa amepata faida? Tufikiri pamoja.

Tofaa ni tunda zuri. Lina maji mengi, lina sukari ya kutia nguvu, tena lina nyuzinyuzi zinazosaidia mtu apate choo vizuri. Ukila tofaa, ule pamoja na ganda lake, maana nyuzinyuzi nyingi zimo humo.

Lakini mwili unataka vitamini C vilevile. Mtu akiikosa siku nyingi, ufizi wake huvimba na kutoka damu, na vidonda vyake havifungi. Zamani mabaharia wengi walikufa kwa ugonjwa huo. Katika mwaka 1747, James Lind, mganga wa manowari ya Uingereza, alichukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Wawili waliokula machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Wawili waliokunywa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo tu.

Leo tunajua sababu. Gramu 100 za tofaa zina vitamini C kama miligramu 5. Gramu 100 za papai zina kama miligramu 60. Na gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200! Tena papai na embe bivu husaidia mwili kupata vitamini A. Mtoto akiikosa hiyo, haoni vema jioni, na mwisho anaweza kupofuka.

Basi, aliyeuza mapera ili anunue matofaa ameuza kingi, akapata kichache.

Shikeni maneno haya:

1. Osha mikono kwa sabuni, na tunda kwa maji safi.

2. Kula tunda lenyewe kuliko kunywa maji yake, zaidi kama una ugonjwa wa sukari.

3. Kula pera pamoja na maharagwe au sombe. Litasaidia mwili kupata chuma cha kuongeza damu.

4. Mtoto asiyetimiza miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Baadaye umpondee papai. Usimpe mtoto mdogo kipande kigumu cha tofaa, kisije kikamkaba.

5. Tunda si dawa ya malaria. Mwenye homa aje hospitalini upesi.

Ukipewa tofaa, ule kwa shukrani. Lakini panda mpera na mpapai karibu na nyumba yako. Matunda yakiiva, watoto wako wale kwanza. Yatakayobaki, ndiyo uyapeleke sokoni.