Umerudi Nangwa na Digrii na Madeni Mawili

Kwa wenzetu wa Marekani na Uingereza, kijana akimaliza chuo mara nyingi huanza maisha akiwa na kadi ya mkopo: ananunua leo, benki inalipa, na asipolipa yote kwa wakati riba inamkuta. Kwetu kadi ya benki iliyo mfukoni mwa wengi hutoa tu kile ulichoweka mwenyewe. Anayetukopesha haraka ni simu. Ndiyo maana mhitimu ambaye wengi wetu tunamjua, akirudi Nangwa chini ya Mlima Hanang' kusubiri ajira, hurudi na madeni mawili. La Bodi ya Mikopo ni la mamilioni na linamnyima usingizi. La simu ni la makumi ya maelfu, naye halijali. Mimi naona anaogopa deni lisilostahili hofu hiyo.

Deni la Bodi siku hizi halizai. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikililisha kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Mhitimu ana miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, na akiajiriwa mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mwalimu mpya wa shilingi 700,000, hiyo ni 105,000 kila mwezi. Inauma, lakini kila shilingi inapunguza deni. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato. Hapo nakiri sheria haikumfikiria mkulima wa mbaazi, anayeshika fedha mara moja kwa mwaka. Hata hivyo usijifiche. Lipa kidogo kidogo unapopata, na utunze risiti.

Sasa tazama la simu. Umekopa 50,000 kwa siku 30, ada asilimia 10. Elfu tano tu, unasema, bei ya vocha za mwezi. Lakini mwezi ukiisha huna, unalipa ada na kukopa upya. Ukifanya hivyo mwaka mzima utakuwa umelipa ada ya 60,000, na ile 50,000 bado unadaiwa yote. Kiasi hichohicho ukidaiwa na Bodi, mwaka ukiisha ni 50,000 ileile. Basi fedha ya kwanza unayopata, iwe ya kibarua au ya kufundisha tuisheni, imalize deni la simu kabla ya jingine lolote.

Kuna jambo ambalo watu huligundua usiku wa dharura. Huduma za namna ya Songesha hukukamilishia malipo salio lisipotosha, kisha fedha yoyote inayoingia hukatwa deni kwanza. Mama amezidiwa, anatakiwa hospitali ya Haydom, mjomba aliye Babati anatuma 40,000 ya gari. Ukiwa unadaiwa 25,000, unabaki na 15,000 na dereva anakungoja. Ikiwa una deni la aina hiyo, mwombe mjomba atume moja kwa moja kwa dereva, au kwa namba ya ndugu asiyedaiwa. Deni utalilipa mgonjwa akishafika hospitali.

Akiba ya dharura nayo ina mahali pake. Wazee wetu, Wairaqw kwa Wabarbaig, wameweka akiba kwa ng'ombe na mbuzi, na kwa ada ya shule ni mpango mzuri kabisa, kwa sababu ada ina tarehe. Ugonjwa hauna. Ng'ombe anayeuzwa usiku kwa jirani, kabla ya siku ya mnada, huuzwa kwa bei ya jirani. Na tarehe 3 Desemba 2023 tope lilipoporomoka kutoka mlimani hadi Katesh, lilibeba nyumba, maduka na mifugo kwa pamoja. Hapo ndipo kikundi cha VICOBA kinapoonyesha thamani, na si kwa mikopo yake. Kina mfuko wa jamii: kila mkutano mwanachama anachangia kiasi kidogo, na akipata ugonjwa au msiba anapewa bila riba. Wahitimu wengi hukiona ni kitu cha akina mama. Mama zao ndio hukimbiliwa mambo yakiharibika.

Usikope kwa kutegemea bei ya mazao pia. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei huku kwetu ilianguka vibaya, na aliyekopa akihesabu bei ya msimu uliopita alibaki na magunia na deni.

Ukilazimika kukopa, usiulize riba. Uliza jumla utakayorudisha. Kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini ada ya fomu na ada ya uchakataji ndizo mlango wa nyuma wa mikopo ya kausha damu. Wabaya zaidi ni wale wanaotuma ujumbe kwa watu wote walio kwenye simu yako siku ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Kabla ya kupakua yoyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Usipoliona, iache.